UZI: Kwa nini visima vya pwani vinaingia chumvi, na jinsi ya kupima ahadi za maji

Kanuni ya ukurasa huu mnaijua: tunachukua jambo moja linalorushwa kwenye mijadala ya siasa, tunalifungua, na hatutaji jina la mwanasiasa wala chama. Leo ni zamu ya chumvi. Haya ni maneno niliyoyasema kwenye baraza la wakazi wa Pwani ya Kusini, nikayapanga upya kidogo yasomeke. Ni marefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

1/
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu, shikamooni. Nimeombwa nizungumze juu ya maji, na kwetu hapa maji ni mfuko na ni mgongo wa mtu anayebeba mtungi. Kila msimu wa kampeni tunasikia kauli tatu. Ya kwanza: "Nitachimba kisima kila kijiji." Ya pili: "Chumvi imeletwa na mahoteli." Ya tatu: "Haya ni mabadiliko ya tabianchi, hakuna wa kulaumiwa." Kila moja ina chembe ya ukweli, na kila moja ikimezwa nzima itatupoteza. Ili tuzipime, tujue kwanza chini ya miguu yetu kuna nini.

2/
Wengi wetu tukichimba tukapata maji tunafikiri tumegonga mto uliojificha. Mara nyingi sivyo. Maji yamejaa kwenye vitundu vya mwamba wa matumbawe na katikati ya chembe za mchanga, kama chai ilivyoingia ndani ya hamri. Maji hayo ni mvua. Ilinyesha, ikazama, na sasa inatembea polepole sana kuelekea baharini. Lakini bahari nayo haikomi pale ufukweni unapolowa miguu. Maji yake yamepenya ndani ya mwamba uleule, yakaja mpaka chini ya mashamba yetu na nyumba zetu. Kwa hivyo chini ya pwani kuna maji ya aina mbili yanayosukumana, usiku na mchana.

3/
Nani anakaa juu, nani anakaa chini? Uzito ndio unaamua. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na uzito wake ni kama kilo 1.025. Tofauti ni gramu 25 tu, kama vijiko viwili vya mezani vya sukari kwa kukisia. Lakini tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji matamu yaelee juu ya maji ya chumvi, ndani ya mwamba, kama mafuta juu ya mchuzi. Na ni mafuta ya ajabu, kwa sababu yakitikiswa yanachanganyika, na yakishachanganyika hayatengani tena.

4/
Sasa sikilizeni hesabu moja, ndiyo kiini cha mazungumzo yote. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mhandisi wa jeshi la Uholanzi, Willem Badon Ghijben, na mwaka 1901 Mjerumani Alexander Herzberg, kila mmoja kivyake, waligundua kanuni ileile. Maji matamu ya kisimani yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, basi chini ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 za maji matamu kabla hujakutana na chumvi. Moja kwa arobaini. Ni kanuni ya kukadiria, na mahali pengi mwamba huibadilisha kidogo, lakini wahandisi wanaitumia mpaka leo.

5/
Mtu akisikia hivyo anafurahi: mita 40, kumbe tuna akiba! Haya, isomeni kinyumenyume. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka nusu mita tu, chumvi chini itatafuta kupanda mita 20. Nusu mita huioni. Ni urefu wa kamba ya ndoo uliozidi kidogo, kitu ambacho hakuna atakayekitilia maanani. Lakini kule chini bahari imepanda kimo cha jengo la ghorofa sita. Haipandi siku hiyohiyo. Inachukua miezi, au miaka. Ndiyo maana aliyekata utepe wa kisima huwa ameshaondoka ofisini chumvi inapofika.

6/
Msidhani mpaka baina ya maji hayo mawili umekatwa kwa kisu. Kuna ukanda wa katikati ambamo yanachanganyika, mahali pengine mwembamba, mahali pengine mnene wa mita nyingi. Bahari yetu inaukoroga ukanda huo kila siku. Mombasa wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila yanapojaa yanasukuma, kila yanapokupwa yanavuta. Ongeza misimu: baada ya masika maji matamu yana nguvu, mwisho wa kiangazi cha kaskazi bahari ndiyo yenye nguvu. Mwenye kisima karibu na ufukwe anaijua ladha hiyo kwa ulimi bila kusoma kitabu.

7/
Na maji ya bahari yakiingia chini hayakai tu. Mwaka 1959 Mmarekani Hilton Cooper alieleza kwamba yanazunguka: yanaingia kwa chini, yanachanganyika na maji matamu, yanakuwa mepesi kidogo, yanapanda na kurudi baharini yakiwa yamebeba maji matamu. Yaani pwani inapumua. Ukitembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, utaona mahali mchanga unatiririka vijito vidogo. Chovya kidole uonje, mara nyingi chumvi yake ni pungufu kuliko ya bahari. Hiyo ni mvua ya bara inayotoka. Kule Mida na Gazi wanasayansi wamechunguza jinsi maji hayo ya chini yanavyohusiana na mikoko. Kwa hivyo mtu akisema "maji yanayofika baharini ni maji yaliyopotea", mwambieni taratibu: hayo ndiyo yanayoisukuma bahari isije kwetu, na mikoko ambamo samaki hukulia inayategemea.

8/
Mwamba wetu wa matumbawe una tabia moja zaidi. Maji matamu yaliyokaa ndani ya chokaa huwa yameshashiba chokaa, hayawezi kuiyeyusha zaidi. Maji ya bahari nayo vivyo hivyo. Lakini yakichanganyika, mchanganyiko unaweza kuwa na njaa upya, ukaanza kula mwamba. Ndivyo yanavyotoboka mapango na mifereji chini ya pwani za chokaa duniani, kama kule Yucatán, Meksiko. Mifereji hiyo ikishakuwepo, ni barabara ya chumvi. Hii ni moja ya sababu kisima cha jirani ni kitamu na chako, hatua 50 tu, hakinyweki. Si lazima mtu amekuroga.

9/
Sasa tuulize: inatakiwa chumvi kiasi gani kukiharibu kisima? Chukua mtungi wa lita 20 wa maji matamu kabisa. Mimina chupa moja ya nusu lita ya maji ya bahari. Hiyo ni asilimia 2.5. Umeongeza miligramu 875 hivi za chumvi kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakifikisha miligramu 1,000 za madini na chumvi kwa lita, ladha yake huanza kuwakera watu. Na maji ya kisima huwa yana madini yake tayari kutoka kwenye mwamba. Kwa hivyo nusu lita kwa mtungi inatosha. Bahari haihitaji kuingia kisimani. Inatosha ichungulie.

10/
Si suala la ladha tu. Katika mtungi ule, kila lita imeongezewa kama miligramu 270 za sodiamu. Mtu anayefanya kazi ya jua akinywa lita 3 kwa siku, ameingiza miligramu 800 kabla hajala ugali na samaki. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni asizidi 2,000 kwa siku, kwa kila kitu anachokula na kunywa. Kwa mwenye presha hilo ni jambo zito. Halafu kuna mengine: sabuni haitoi povu, pampu inaliwa, mchicha unanyauka, na fundi akikoroga zege kwa maji hayo, nondo zinaanza kutu ndani ya nguzo ya nyumba yako wewe ukiwa umelala.

11/
Haya, tuje kwenye kauli ya kwanza: "Kisima kila kijiji." Niseme wazi, mimi si mpinzani wa visima. Pana vijiji kule nyuma, mbali na bahari, ambako kisima kizuri ni uhai. Lakini ukanda wa karibu na bahari una hesabu nyingine. Tabaka la maji ni moja. Visima kumi havileti maji mara kumi. Vinaleta mirija kumi kwenye glasi ileile. Mwanasiasa anahesabu visima kwa sababu visima vinahesabika, vina jiwe la jina na picha ya uzinduzi. Maji yenyewe hayapigwi picha.

12/
Mtasikia pia: "Chumvi imetokea kwa sababu walichimba kifupi. Sisi tutachimba kirefu." Hapo simameni. Bara hilo laweza kuwa kweli. Ufukweni mara nyingi ni kinyume chake. Kumbukeni maji matamu yanaelea juu. Mahali ambapo yamesimama nusu mita juu ya usawa wa bahari, chumvi iko kama mita 20 chini. Kisima cha mita 60 hapo kimepita maji na kuingia baharini. Umelipia mashine, dizeli na mabomba, ukanunua kile ambacho ungekipata kwa ndoo pale ufukweni.

13/
Hata kisima kisichofika kwenye chumvi kinaweza kuiita. Pampu kubwa ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi iliyo chini yake huinuka kama kichuguu, ncha yake ikielekea kwenye pampu. Kijiji kizima kingeweza kuwa na maji matamu, lakini pale penye pampu kichuguu kimeshafika. Na hapa pana mtego: mkandarasi hufanya jaribio la kuvuta maji kwa siku moja hivi, maji yanatoka matamu, cheti kinatolewa, ngoma zinapigwa. Kichuguu kinachukua miezi. Ndiyo maana kuvuta kidogokidogo, kwenye visima vifupi vilivyotawanyika, mara nyingi ni salama kuliko kufungulia pampu moja kubwa. Wazee waliochota kwa ndoo na kamba walikuwa na kipimo kwenye misuli yao. Mkono ukichoka, kisima kinapumzika. Pampu haichoki.

14/
Kauli ya pili: "Ni mahoteli." Hoteli yenye bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi inavuta maji mengi, hilo halina ubishi, na mara nyingi iko mahali pabaya kabisa, mita chache kutoka baharini. Lakini hesabuni pia maghorofa mapya ya kupangisha, malori ya maji yanayojaza usiku, na nyumba zetu wenyewe, kila moja na kapampu kake. Tabaka la maji haliulizi mwenye pampu ni mgeni au mwenyeji, tajiri au maskini. Swali la maana ni nani anavuta kiasi gani, na nani anapima. Anayewaelekeza kwa hoteli bila kudai mita, na kuwaelekeza kwa jirani bila kudai mita, anawapa mtu wa kumkasirikia. Maji bado hajawapa.

15/
Na lile la "kisima changu, shamba langu, maji yangu"? Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zote ziko chini ya serikali ya kitaifa, ikizishika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba inakupa ardhi. Maji yaliyo chini ni ya wote, na kuyavuta kwa kisima cha mashine kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Mamlaka hiyo pia ina uwezo wa kutangaza eneo la maji ya chini kuwa la kuhifadhiwa na kuweka masharti ya kuvuta. Kwa hivyo meno yapo. Ulizeni yamewahi kuuma nani.

16/
Kauli ya tatu: tabianchi. Ni kweli bahari inapanda. Tangu 1900 usawa wa bahari duniani umepanda kwa sentimita 20 hivi, na kasi inaongezeka. Mvua nazo zikikosea msimu, akiba haijazwi. Lakini mwaka 2012 watafiti wawili, Grant Ferguson na Tom Gleeson, walipima pwani za Marekani wakauliza kipi kinaleta chumvi zaidi, bahari kupanda au watu kuvuta. Jibu lao: kwa sehemu kubwa, kuvuta ndiko kunakoumiza zaidi. Maana yake kwetu ni nzuri kuliko inavyosikika. Hatuwezi kuizuia bahari kwa azimio la bunge la kaunti. Kuvuta maji tunaweza kukusimamia. Anayesema "ni tabianchi tu" anajivua kazi aliyoiomba.

17/
Mfano wa kwetu, twende Lamu. Mji wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, unakunywa maji ya machuguu ya mchanga ya Shela. Mgeni akiyaona anasema, "Mchanga mtupu, hapa pajengwe." Kumbe mchanga ule ndio tangi. Mvua ikinyesha inazama mara moja kabla jua halijaila, inakaa chini ya machuguu ikielea juu ya bahari, kwa kanuni ileile ya moja kwa arobaini. Weka nyumba juu yake, mvua inakimbilia baharini badala ya kuzama. Weka mashimo ya choo, uchafu unashuka haraka vilevile kama mvua. Chota mchanga wa ujenzi, umepunguza tangi. Kwa hivyo mvutano wa viwanja kwenye machuguu yale unaonekana ni wa ardhi, lakini ndani yake ni wa maji ya mji mzima.

18/
Na tusidhani haya yameanza jana. Nendeni Gede, kule Kilifi. Mji wenye misikiti, jumba la mfalme na visima, ukahamwa katika karne ya 17. Wanaakiolojia wametaja sababu kadhaa zinazowezekana, vita na kuhama kwa watu zikiwemo, na mojawapo ni maji ya visima kushuka. Hakuna anayeweza kuapa ni ipi. Lakini visima vile virefu vilivyokauka bado vinatazamana na wageni wanaolipa kiingilio.

19/
Mombasa nayo ilikubali zamani kwamba kisiwa hakiwezi kujinywesha. Leo maji yake yanatoka nje: Mzima, zaidi ya kilomita 200, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Ndiyo maana mjadala wa maji Mombasa haraka sana unakuwa mjadala wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta: "Maji yatoke kwetu, nasi tuna kiu?" Ni swali la haki na halitatoka. Na angalieni Tiwi. Visima vile viko ukanda wa pwani, vinalisha watu wengi. Vikivutwa kupita kiasi, hasara ni ya Tiwi kwanza, halafu ya Mombasa. Hakuna kaunti itakayoshinda mchezo huo.

20/
Nilipofika hapa barazani, mama mmoja alisimama akasema: "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini kesho asubuhi nitachota wapi? Bwawa litajengwa miaka kumi. Mchuuzi wa mkokoteni ananingoja mlangoni leo." Watu walimpigia makofi, na walikuwa na haki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa mama huyo haki ya maji safi na salama ya kutosha, na hakikusema asubiri. Kisima kina faida moja ambayo miradi mikubwa haina: kinakuja haraka. Kwa hivyo jibu langu kwake halikuwa "usichimbiwe". Nilimwambia: mama, ukichimbiwa, hakikisha kinachochimbwa kitakuwa bado ni kisima mjukuu wako akianza shule. Kwa sababu tabaka likishaingia chumvi, kulisafisha kunategemea mvua ya miaka mingi, pengine ya kizazi. Mkopo wa maji haufutwi kwa sababu serikali imebadilika.

21/
Kipi kinafanya kazi? Amsterdam ilianza kunywa maji ya machuguu yake ya pwani mwaka 1853. Wakavuta mno, chumvi ikapanda. Tangu 1957 wanaleta maji ya mto, wanayamwaga kwenye machuguu yazame, ndipo wanavuta. Orange County, California, tangu 1976 wamekuwa wakisukuma maji taka yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu ndani ya ardhi karibu na ufukwe, kuwa ukuta wa maji matamu dhidi ya bahari. Hao ni matajiri, mtasema. Kweli. Lakini wazo lenyewe si la kitajiri: rudisha chini kabla hujatoa.

22/
Na sisi tulikuwa na letu. Wasini, na visiwa vya Lamu, watu wamejenga jabia, birika kubwa la kukusanya mvua, kwa sababu walijua chini yao hakuna cha kutegemea. Fanyeni hesabu. Mombasa hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mabati la mita za mraba 50, ukikamata asilimia 80, ni lita 40,000, mitungi 2,000. Haimalizi kiangazi, lakini kila mtungi wa paa ni mtungi ambao hukuuvuta chini. Shule moja yenye mapaa manne ni tangi la kijiji. Ila haina uzinduzi wa kupendeza, kwa hivyo nadra kuisikia jukwaani.

23/
Wengine wataahidi kiwanda cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kinawezekana, na nchi za Ghuba zinaishi kwa hivyo. Ulizeni mambo mawili. Moja, umeme: mitambo ya kisasa hula kama yuniti 3 mpaka 4 kwa kila lita 1,000, yaani mitungi 50. Nani analipa bili hiyo kila mwezi baada ya utepe kukatwa? Pili, katika kila lita mbili za bahari zinazoingia, moja hivi inatoka tamu na nyingine inatoka na chumvi karibu maradufu. Inamwagwa wapi, na mvuvi wa hapo ameulizwa? Ikiwa majibu yapo, tujadiliane. Ikiwa hayapo, hiyo ni picha ya kompyuta tu.

24/
Sasa, nani tumshike? Tugawane vizuri, maana hapa ndipo tunapochezwa. Kuyalinda maji yenyewe, vibali na mabwawa makubwa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kuyafikisha maji nyumbani kwako, na usafi wa mazingira, ni kazi ya kaunti. Kaunti pia inaidhinisha majengo na mipango ya ardhi, kwa hivyo nani anajenga juu ya mchanga unaozamisha mvua ni swali la kaunti. Mbunge akikuahidi kibali na mwakilishi wadi akikuahidi bwawa, wote wawili wamekuahidi kazi ya mtu mwingine.

25/
Chukueni maswali haya sita, muende nayo kwenye mkutano wowote, wa upande wowote:
– Kisima mnachoahidi kiko umbali gani kutoka baharini, na kina urefu gani?
– Usawa wa maji pale uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na ulipimwa kiangazi au masika?
– Kitavuta lita ngapi kwa siku, na kuna mita?
– Nani atapima chumvi kila mwezi, na majibu yatabandikwa wapi?
– Chumvi ikianza kupanda, nani ana mamlaka ya kupunguza pampu?
– Mmefanya nini kuirudisha mvua chini?

26/
Msiogope kwamba ni maswali ya kitaalamu. Kifaa cha kupima chumvi kwenye maji kinaenea mfukoni, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kukitumia. Kikundi cha vijana kikipima visima kumi kila mwisho wa mwezi, kikaandika kwenye daftari pamoja na tarehe na hali ya bamvua, baada ya miaka miwili kijiji kina ushahidi ambao hakuna mheshimiwa atakayeupuuza kirahisi. Na rekodi zilizoko ofisini ni zenu: Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinawapa haki ya kuziomba. Andikeni barua, pigeni muhuri, mbaki na nakala.

27/
Nimalize. Bahari haina chama. Haisubiri kura zihesabiwe na haisikii hotuba. Inafuata uzito wake tu: tukivuta sana inakuja, tukiiachia mvua nafasi ya kuzama inarudi nyuma, polepole. Tunaobadilika ni sisi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

28/
Mwisho wa uzi. Kama una kisima pwani, andika hapa chini: umbali kutoka baharini, urefu wake, na mwezi gani kinakuwa cha chumvi. Usitaje jina la mtu wala la kampuni. Atakayeleta matusi ya vyama tunamfunga. Uzi ujao: ada za soko na nani anazipanga.